Kisanduku cha Idadi

Jumatatu, 3 Aprili 2006

Darasa la asubuhi limekwisha salama. Wanafunzi bado wanachapa kwa kidole kimoja, lakini leo hakuna aliyezima kompyuta kwa kuchomoa waya. Saa ya mapumziko nikafungua barua za Zizi, chai mkononi, kama kila Jumatatu.

Lemayian wa Kisaju ameondoa kisanduku changu.

Hajauliza. Hajaandika hata sentensi moja kwenye kikundi chetu cha barua pepe. Ameingia kwenye msimbo Jumamosi, amefuta kisanduku kinachouliza “Idadi ya ng'ombe”, na mahali pake ameweka kingine kinachouliza rangi na alama. Maelezo yake: “Swali hili halifai huku.”

Halifai! Zizi ni programu ya kuweka kumbukumbu za chanjo ya mifugo. Sasa tuchanje mifugo bila kujua ni wangapi? Ni kama kusonga ugali bila kujua nani anakula.

Uzuri wa programu huria ni kwamba msimbo uko wazi, yeyote akiona kasoro anarekebisha. Ubaya wake ni huo huo. Mimi na Lemayian sote tuna ruhusa ya kuandika moja kwa moja. Madam Mutheu alitupa mwaka juzi, akasema anatuamini.

Nimerudisha kisanduku. Tena kiwe cha lazima, kama nilivyokifanya mwezi uliopita. Ukikiacha wazi, ukurasa haugeuki.

Jumanne, 4 Aprili

Ameondoa. Nimerudisha.

Saa ya chakula ameondoa tena. Nimerudisha kabla sijamaliza chapati.

Jumatano, 5 Aprili

Ameondoa. Safari hii ameandika na kikundi kizima kimesoma: “Madam Nafula, hujawahi kuingia boma lolote huku Kisaju. Unatuandikia ukiwa Kitengela, juu ya duka la vyuma.”

Ni kweli chuo kiko juu ya duka la vyuma. Sasa hilo ni kosa langu?

Nimemjibu vibaya. Nimemwambia aende akachunge, programu atuachie sisi. Nikatuma kabla kidole hakijapoa. Barua pepe haina mkia wa kuivuta irudi.

Alasiri Madam Mutheu aliingia. Yeye ndiye aliyeandika Zizi la kwanza kabisa, kule Magadi, katika nyumba ya kampuni ya magadi anakofanya kazi mume wake. Zamani alifundisha hesabu. Sijawahi kumwona kwa macho, ila namjua kwa maandishi yake kuliko ninavyowajua majirani. Hakumkemea mtu. Alirudisha ukurasa ulivyokuwa kabla yetu sote wawili: kisanduku kipo, si cha lazima, rangi hakuna. Kisha akaufunga. Hakuna anayeweza kuugusa ila yeye.

Akaandika: “Badiliko lenye ugomvi hurudi lilipokuwa kabla ya ugomvi. Si kwamba hapo ndipo sawa. Ni kwamba hapo hakuna aliyeshinda. Mutheu, Magadi, joto ni lile lile.”

Hivyo ndivyo anavyomaliza barua zake zote. Leo joto lake limeniudhi.

Ijumaa, 7 Aprili

Nimekasirika bado. Nimesahihisha mitihani nikiwa nimekasirika na nadhani watoto wa watu wameumia.

Nimefikiri hivi. Leseni ya Zizi inaruhusu mtu yeyote kuchukua msimbo wote na kuanzisha wake. Basi nitachukua. Nitaliita Zizi Jipya. Kisanduku changu kitakaa humo kwa raha zake, na Lemayian abaki na rangi zake.

Nimemwandikia Madam Mutheu peke yake, si kikundi. Barua fupi. Nimesoma mara mbili nione kama ina matusi. Haina. Nimetuma.

Jumapili, 9 Aprili

Jumapili ya Matawi. Mvua ilianza tukiwa kwenye maandamano, udongo wa Kitengela ukanata kwenye viatu mpaka kila mtu akarefuka kidogo. Baada ya kiangazi kile kilichomaliza mifugo, hakuna aliyelalamika.

Nyumbani nimemweleza Baba Sifa. Alicheka mpaka akaweka kijiko chini.

“Si mliita programu Zizi nyinyi wenyewe? Sasa fahali wawili hawakai zizi moja, Mama Sifa. Mlikuwa mnatarajia nini?”

Sikucheka. Baadaye nikiosha vyombo nikacheka peke yangu, lakini sikumwambia.

Jumanne, 11 Aprili

Jibu la Madam Mutheu. Yeye hajibu barua ya hasira siku ile ile, ni desturi yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa kuombwa nisiende, au kwa kutishwa. Ninalinakili hapa kwa sababu nataka kuwa nalo:

“Nafula, ruhusa unayo, na si mimi niliyekupa, ni leseni. Nitakutumia mradi mzima kwenye CD, maana najua laini yenu ikishusha faili kubwa inakata katikati. Sitawaambia watu kwamba umekosea kuondoka. Kazi yako ya kurasa za dawa ndiyo bora tuliyo nayo na utaondoka nayo kwa haki. Ila nieleze jambo moja kabla hujafungua duka lako. Lemayian anataka nini? Usiniambie amefanya nini. Anataka nini? Mutheu, Magadi, joto ni lile lile.”

Nilikuwa na jibu tayari. Anataka kunisumbua. Nikaliandika, nikalitazama, nikalifuta. Hata mtoto wa darasa la tatu angeona si jibu.

Jumamosi, 15 Aprili

CD imefika. Amempa mwalimu mwenzake wa zamani aliyekuja kwa ndugu zake Pasaka. Imefungwa ndani ya gazeti, na gazeti lote lina unga mweupe wa magadi.

Ndani kuna karatasi. Ameandika kwa mkono sehemu zote za Zizi zitakazonisumbua nikiwa peke yangu: hapa tarehe hugeuka ukibadilisha lugha, hapa usiguse bila kujaribu mara mbili, hapa nilikosea mwanzo na sijapata nafasi ya kurekebisha. Mtu anakuhama kwa hasira nawe unamwonyesha mahali paa linapovuja!

Sijui kama ningeweza. Hapana. Najua. Nisingeweza.

Sijaiweka CD kwenye kompyuta. Nimeiweka juu ya kabati, Sifa asiifanye kioo.

Jumatano, 19 Aprili

Mambo mawili, yote mabaya.

La kwanza. Afisa wa mifugo kule Kajiado amesikia ugomvi wetu. Amemwandikia Madam Mutheu, naye ametuonyesha sote. Anasema amengoja Zizi kwa hamu. Chanjo ya homa ya mapafu inaanza Mei. Akipewa programu moja inayofanya kazi ataitumia. Akipewa mbili zinazogombana, atarudi kwenye vitabu vyake na hataki kusikia habari za kompyuta tena. Simlaumu. Lakini ni miaka yetu yote ile. Jumamosi zangu zote.

La pili. Nilifungua data za majaribio ya Kisaju nitafute ushahidi wa kummaliza Lemayian. Nikasoma safu ya idadi. Ishirini. Ishirini. Ishirini. Boma baada ya boma, ishirini. Damu ikanipanda. Ameharibu data makusudi ili kisanduku changu kionekane cha kijinga!

Nusura nikiambie kikundi kizima. Kidole kilikuwa pale pale. Nikakumbuka barua ya kuchunga. Nikamwandikia Madam Mutheu peke yake.

Alhamisi, 20 Aprili

Amejibu leo: “Ahsante kwa kuniletea mimi kwanza. Kabla ya kusema nani, uliza kwa nini.”

Halafu akakiandikia kikundi. Utaratibu wake huu sijauona mahali pengine. Kila mmoja wetu aandike upande wa mwenzake. Si wake, wa mwenzake. Mwenye upande atasoma. Akisema “ndivyo”, tunaendelea. Akisema “sivyo”, mwandishi anaanza upya. Na yeye Mutheu hataamua lolote mpaka apate “ndivyo” kutoka pande zote mbili.

Nimeona ni mchezo wa shule ya msingi. Lakini Mei inakuja.

Ijumaa, 21 Aprili

Nimeandika: Lemayian anaona swali la idadi ni gumu kwa wafugaji wasiojua kusoma.

Amejibu kabla chai haijapoa. “Sivyo. Wanajua kusoma. Sivyo kabisa.”

Jumatatu, 24 Aprili

Nimeandika upya, kwa heshima zote. Nimesema Lemayian analinda mila ya Kimaasai ya kutohesabu ng'ombe, na kwamba mila ni hazina ya jamii. Nilijisifu kidogo.

“Sivyo. Umeandika kama kibao cha makumbusho.”

Chini yake ameongeza: “Alhamisi tuko na majaribio huku. Njoo uone.”

Nimemwonyesha Baba Sifa. Amesema asiyekubali kushindwa si mshindani, niende. Nimemwambia sijashindwa. Amesema basi niende nikiwa sijashindwa.

Alhamisi, 27 Aprili

Nimerudi kutoka Kisaju. Miguu ina matope mpaka magotini. Niandike yote kabla hayajanitoka.

Lemayian ni mrefu, mpole, ana fulana ya timu ya mpira na kompyuta ndogo ndani ya mfuko wa plastiki. Nilimdhania mtu wa sauti kubwa. Anaongea kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

Tulifika boma la kwanza na karani wa mifugo, msichana mkakamavu kutoka Machakos. Mwenye boma tumwite Baba Naserian. Mtu wa makamo, viatu vya mpira, simu shingoni. Akanisalimu, “Takwenya.” Nikajibu “Ipa” kwa sauti kubwa, nikijiona najua. Wote wakacheka. Kumbe “Ipa” ni jibu la mwanamume. Mimi nilipaswa kusema “Iko”. Basi nikaanza siku yangu kama mwanamume.

Karani akafungua Zizi. Jina la boma, sawa. Mahali, sawa. Kisha kisanduku changu, maana majaribio bado yanatumia toleo langu la mwezi uliopita.

“Ng'ombe ni wangapi?”

“Wako,” akasema Baba Naserian.

Karani hakushangaa. Akachapa ishirini, ukurasa ukageuka.

Nikaruka juu. Nikamuuliza kwa nini ishirini, nani kamwambia ishirini.

“Si mashine inakataa kuendelea, madam? Sasa nitafanya aje? Ishirini inakubali.”

Nilitamani udongo ule mweusi unimeze. Si Lemayian aliyeharibu data. Ni mimi. Kisanduku changu cha lazima kilimfundisha msichana mwaminifu kusema uongo, boma baada ya boma, tena kwa adabu.

Hata hivyo sikunyamaza. Ukaidi wangu hauna likizo. Nikamgeukia Baba Naserian mimi mwenyewe, nikamuuliza wangapi hasa.

“Unataka kununua?”

Nikasema hapana.

“Basi?”

Akaondoka kwenda kuangalia lango.

Lemayian alinieleza tukitembea. Alisema mtu hapa hajui ng'ombe wake kwa namba, anawajua kama unavyowajua watu wa nyumbani kwako. Jioni wakiingia hahesabu, anaona nani hayupo. Na kuwataja kwa namba mbele ya mgeni ni kuwaita wapungue. Hayo nilishayasoma mahali. Halafu akasema ambalo sikulisoma popote.

“Na mwaka huu, dadangu, baada ya kiangazi, ukimuuliza mtu ako na wangapi, umemuuliza amebaki na wangapi. Baba Naserian alipeleka ng'ombe mbali kutafuta nyasi. Walirudi kidogo. Hajasema idadi hata kwa bibi yake. Sasa aambie mashine?”

Nilimkumbuka mama yangu kule Bungoma. Hakutaka tuhesabu vifaranga kwa kidole. Alitupiga mikono. Nilikulia ndani ya jambo hili hili, nikalisahau nilipopata cheti cha kompyuta.

Nilimwomba Lemayian msamaha kwa lile la kuchunga. Nilisema wazi, bila kuzunguka.

“Mimi huchunga kila Jumapili,” akasema. “Hiyo si matusi. Matusi ni ile ingine, ati programu tuwaachie nyinyi.”

Kweli. Hilo ndilo lililokuwa tusi, na mimi nilikuwa nikiomba msamaha kwa neno lisilo lenyewe. Nikaomba upya, kwa lile lenyewe. Akaitikia kwa kichwa, akanionyesha mahali pa kukanyaga nisizame.

Ijumaa, 28 Aprili

Nimeandika: Lemayian anataka programu isimlazimishe mtu kutaja hasara yake mbele ya mgeni, wala isimlazimishe karani kudanganya. Anaona swali lisilojibika kwa kweli ni bora lisiulizwe.

Nimengoja. Nimefundisha darasa zima macho yakiwa kwenye saa ya ukutani.

“Ndivyo.”

Neno moja tu. Nimefurahi kuliko siku niliyopewa ruhusa ya kuandika msimbo. Ajabu. Nimemwandikia mpinzani wangu hoja nzuri dhidi yangu, nami natembea nikitabasamu kama bibi harusi.

Jumamosi, 29 Aprili

Zamu yake. Ameandika upande wangu:

“Nafula ametoka Bungoma. Siku moja chanjo ilikuja kwao, chupa zikaisha foleni haijaisha. Ng'ombe wao alikuwa karibu kufika. Walirudi naye nyumbani bila sindano na hakumaliza mwaka. Nafula hataki kujua ng'ombe wa mtu. Anaogopa chupa kuisha kabla ya ng'ombe. Anataka kujua dawa.”

Nimesoma nikiwa nimesimama, nikakaa.

Habari ile ya ng'ombe niliiandika mara moja tu, nilipojiunga, kila mgeni anapoombwa ajitambulishe. Nilidhani hakuna aliyesoma. Yeye alisoma, na wiki zote hizi nilipokuwa namrushia maneno, alikuwa nayo. Angeweza kuisema nikaonekana mtoto. Hakusema mpaka ilipoweza kunisaidia.

Na lile la mwisho, “anataka kujua dawa.” Miaka yote hii mimi mwenyewe sijawahi kuliweka wazi hivyo. Nimepigania ng'ombe, kumbe nilikuwa napigania dawa.

Nimelia kidogo. Baba Sifa kauliza kuna nini. Nimemwambia nimeeleweka. Akasema basi ni msiba mkubwa, akaniletea maji.

Nimejibu “Ndivyo” kwa kikundi.

Jumatano, 3 Mei

Uamuzi wa Madam Mutheu. Alingoja, kama kawaida yake, furaha yetu ipoe kama ilivyopoa hasira.

Kisanduku cha idadi kinaondoka. Si cha lazima, si cha hiari, hakipo. Mahali pake swali jipya, linaloulizwa baada ya sindano ya mwisho: “Dozi zilizotumika.” Hilo halimuulizi mwenye ng'ombe chochote. Mchanjaji anajua mwenyewe. Na chupa za safari ijayo zitapangwa kwa dozi za safari iliyopita na nyongeza kidogo ya akiba.

Anasema wazo si lake, ni la sentensi ya Lemayian kuhusu mimi. “Mimi niliokota tu kilichokuwa kimelala katikati yenu.”

Lakini kisanduku cha rangi na alama nacho amekataa. Karani hawezi kuandika sura ya kila ng'ombe na foleni inangoja. Amemshukuru Lemayian kwa kazi, ameeleza sababu, ameacha mlango wazi kama mtu ataleta njia nyepesi. Lemayian hakupenda. Ameandika kwamba anaona ni hasara, kwamba hapo ndipo penyewe maana ng'ombe hujulikana kwa sura, na kwamba hata hivyo atafuata. Madam Mutheu ameomba maneno yake hayo yabaki kwenye historia ya mradi, neno kwa neno, anayekuja kesho ajue palikuwa na mtu aliyeona vingine. Mimi ningeyafuta ili ukurasa upendeze.

Na msimbo? “Nafula aandike, Lemayian akague.” Yaani mimi niliyekipigania kisanduku ndimi nikitoe.

Mwanzo niliona ni adhabu. Nimezunguka nalo kutwa. Nadhani hataki kiondolewe na mtu anayekichukia.

Ijumaa, 5 Mei

Nimekitoa.

Nimeandika swali la dozi. Nimejaribu mara mbili pale aliposema nijaribu mara mbili. Nimemtumia Lemayian. Amepata makosa, moja la kijinga kabisa, mtu angeweza kuandika dozi pungufu ya sifuri. Ameniambia kwa upole, bila hata utani. Ningekuwa mimi ningemtania mwezi mzima.

Amekubali. Limeingia. Maelezo ya badiliko yana majina yetu yote mawili.

Afisa wa Kajiado ameandikiwa: programu ni moja.

Jumatatu, 8 Mei

Nimemwandikia Madam Mutheu kumshukuru. Nimejaribu kumweleza ninavyomheshimu, nikaona naandika kama hotuba ya siku ya wazazi. Nikafupisha.

Nilimuuliza alijifunza wapi kuamua hivi. Nilitegemea kitabu fulani au semina. Amejibu kwamba Magadi hamna pa kwenda. Ukigombana na jirani asubuhi, jioni mko foleni moja ya maji, na joto ni lile lile kwenu wote. Kwa hiyo watu huko hujifunza kugombana kwa namna ya kuweza kukaa.

Nimeelewa sasa kwa nini anamaliza barua zake vile. Nilidhani ni mzaha.

Alhamisi, 18 Mei

Chanjo Kisaju. Nimeomba ruhusa chuoni. Jua kali, matope yamekauka, nyasi zimeota mpaka kando ya barabara ya Namanga.

Afisa alikuja na gari la ofisi, masanduku ya barafu, na Zizi kwenye kompyuta ya karani. Ng'ombe wanapita kwenye krashi, kile kichochoro cha mbao, mmoja nyuma ya mwingine. Mchanjaji anadunga, anasonga. Hakuna anayemuuliza mtu lolote. Vumbi, kengele, watoto wakipigiana kelele. Chupa zimetosha, afisa alizipanga kwa dozi zilizo kwenye vitabu vyake vya zamani. Ng'ombe wa mwisho wa foleni alipata sindano kama wa kwanza, nami nilisimama pale nikimtazama akitoka upande wa pili mpaka Lemayian akaniuliza kama niko sawa. Niko sawa.

Baba Naserian alileta wake mapema. Mara hii nilijibu “Iko.” Aliridhika. Walipita wote, wekundu, weusi, mmoja mwenye madoa mgongoni aliyegoma akasukumwa. Karani akaandika dozi, akasoma kwa sauti ndogo ili mchanjaji athibitishe. Mimi nilikuwa begani kwake.

Baba Naserian alikuwa akinitazama. Hakuna aliye mjinga. Dozi moja, ng'ombe mmoja. Alijua kwamba sasa najua, na mimi nikaona kwamba anajua.

“Mmehesabu?” akauliza.

“Dawa tu,” nikasema.

Akayatazama masanduku ya barafu.

“Dawa, sawa.”

Akainua fimbo, akawafuata ng'ombe wake kuelekea nyasi.

Nimefika nyumbani alasiri. Sifa amelala. Nimekaa mlangoni na chai kuandika haya. Namba ile ninaikumbuka vizuri. Ni ndogo kuliko nilivyofikiri. Hapa siiandiki.